Atakuja Jumamosi

Kaka alipanda juu ya kiti, akaishusha saa ya ukutani, akaipeleka chumbani na kuifunika kwa mto. Aliporudi sebuleni alikunja taulo, akalilaza mezani, na juu yake akaweka mashine yake ya kurekodi. Mama alikuwa ameshakaa, gauni la bluu limepigwa pasi, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Saa imekukosea nini?" Mama akamuuliza.

"Inapiga kelele, Mama. Baadaye ukisikiliza, unasikia saa tu, maneno yanapotea."

Mama akanitazama, tukacheka. Tulikuwa tumeishi na saa ile miaka yote hiyo bila kujua kwamba ina mdomo.

Tangu utotoni Kaka tulimwita Kwanini, maana hakuna jibu lililomtosha. Mvua inanyesha: kwanini? Nenda kalale: kwanini? Baba alikuwa akisema mtoto huyu ama atakuwa wakili ama atapigwa sana. Akawa mwanahistoria. Alizunguka na mashine yake akiwarekodi watu waliohamishwa wakati bwawa lilipojengwa, mji wao mzima ukazama. Alikuwa na kichaa cha tarehe. Sura moja nzima ya kitabu chake aliizuia kwa muda mrefu kwa sababu wazee wawili walibishana kama maji yaliingia sokoni Jumatatu au Jumanne.

Mama naye alihamishwa kule, akiwa binti. Kaka alirekodi mama za watu, shangazi za watu, mpaka wazee waliokwisha kuhamia mbali kabisa, na mama yake mwenyewe akamwacha wa mwisho. Nilipomuuliza, alinijibu, "Hao wengine wataondoka, mdogo wangu. Mama yupo." Nikamwambia kinyozi hajinyoi, akacheka. Hilo kosa sijaliona kwa watu wa kazi nyingine. Wanahistoria wanakimbizana na mauti kwenye nyumba za watu, wakidhani kwao hayaijui njia.

Kitabu kilipotoka, kila jioni nilifunika cherehani yangu nikamsomea Mama kurasa chache. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kizuri," akasema. "Lakini hakuna aliyemwambia habari za bibi yenu."

Sisi tulikuzwa tukijua kwamba bibi alikufa kwa homa kabla ya kuhama.

"Hakufa kwa homa," Mama akasema. "Hakuhama."

Nilimsihi aniambie. Akakataa katakata. "Hilo nitalisema mara moja tu, kwa Kwanini, kwenye mashine yake. Nikikwambia wewe, utalia, nami nitalia, na sitapata tena nguvu ya kulirudia." Niliumia, sitaficha. Mimi ndiye niliyekuwa naye asubuhi na jioni. Lakini nilimwelewa. Alitaka mama yake aingie kitabuni na wenzake, asibaki kilio cha watu wawili sebuleni.

Shida ni kwamba kufikia hapo Kaka alishakuwa mtu mkubwa. Vyeo vilimjia kama watoto wa jirani: ukimfungulia mmoja mlango, wenzake wako nyuma yake. Mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, kisha makamu mkuu wa chuo. Siku moja nilimtembelea ofisini. Kulikuwa na zulia, simu tatu, na rafu ya vitabu vyake iliyowekwa nyuma ya kiti, mahali ambapo kila mgeni aliviona isipokuwa yeye. Akaniambia, "Siku hizi nasoma kumbukumbu za vikao tu. Historia ya jana asubuhi." Alisema kwa utani, lakini sikucheka.

Basi siku ile ya saa alikuja, hatimaye. Akabonyeza mashine. Mama akakohoa kidogo.

"Siku ile mama yangu alifagia uwanja kama kawaida," akaanza.

Mlango ukagongwa. Alikuwa dereva, amenyoosha simu kwa mikono miwili. Wanafunzi walikuwa wamefunga lango la chuo kwa sababu mabweni hayakuwa na maji, na polisi walikuwa njiani. Kaka alisikiliza amesimama. Alimtazama Mama, akaitazama mashine.

"Nenda," Mama akamwambia. "Watoto wa watu wasije wakaumizwa."

"Nitarudi Jumamosi, Mama."

"Mimi nipo."

Simlaumu kwa siku ile. Alisimama langoni mwenyewe, akazungumza na wanafunzi mpaka sauti ikamkauka, na polisi wakarudi walikotoka bila kumgusa mtu. Namlaumu kwa Jumamosi. Mama alivaa gauni la bluu asubuhi akakaa nalo mpaka taa zikawashwa. Kaka alikuwa kwenye kikao cha baraza. Nilipotaka kuirudisha saa ukutani, Mama akanizuia. "Iache. Atakuja Jumamosi, ya nini kuitundika na kuishusha?"

Saa ikabaki chumbani. Kaka alituma salamu, alituma matunda, alimtuma dereva. Akaongezewa muhula wa pili. Mama akaanza kutia chumvi kwenye chai, akaanza kuniita kwa jina la dada yake. Nikapiga simu.

"Mama anasahau. Njoo."

"Mahafali yakipita tu, mdogo wangu."

"Kaka, Mama hangoji mahafali."

Mahafali yakapita, ikaja bajeti.

Alipostaafu walimpa picha yake kubwa na hotuba ndefu. Akaja kwetu akiendesha gari mwenyewe, kichwa cheupe, mashine kwapani. Alitafuta saa ukutani, akakuta duara tu mahali rangi haikufifia. Akakunja taulo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mzee wangu. Karibu. Unamtafuta nani?"

Kaka akakaa taratibu. "Nimekuja unisimulie habari za bibi. Siku ile alipofagia uwanja."

Mama akakaza uso. "Nani kakwambia hayo?"

"Wewe, Mama."

"Nisamehe, mzee wangu, siwezi. Namwekea mwanangu. Yeye ndiyo kazi yake, na ana mashine kama hiyo yako."

Nilitaka kupiga kelele: huyu ndiye! Kaka akainua kiganja kunizuia. Maisha yake yote alifundisha kwamba asiyetaka kusema halazimishwi. Unamuuliza jingine, unasubiri.

"Mwanao yukoje?" akauliza.

Uso wa Mama ukafunguka. Akaeleza habari za mvua na kwanini, habari za kitabu, habari za wanafunzi ambao wangeumizwa kama asingekwenda. Mashine ikazunguka. Machozi yalimtiririka Kaka mpaka kwenye kola, naye hakuyafuta, asije akamkatiza.

"Kule wanamtegemea sana," Mama akamalizia. "Lakini aliniahidi Jumamosi. Leo ni siku gani?"

Nje watoto walikuwa wakicheza, hawakwenda shule. Ilikuwa Jumamosi. Kaka alilitazama lile duara ukutani kwa muda.

"Ijumaa, Mama," akasema.

"Basi ni kesho," Mama akasema, akanigeukia na kuniomba nimpigie pasi gauni la bluu.