Chati ya Kugeuza

Saa moja asubuhi, kabla hata ya kuvua sweta, Metroni Janice aliketi kwenye meza ya wauguzi ghorofa ya tatu. Akachovya mkate kwenye chai ya maziwa, na kwa mkono ule mwingine akajaza chati ya kugeuza wagonjwa ya siku nzima. Saa mbili: kushoto. Saa nne: chali. Saa sita: kulia. Akaendelea hivyo hadi saa kumi na mbili jioni, kila mstari na tiki yake na saini yake, kwa wagonjwa ishirini na wawili, wote wa kiharusi au uti wa mgongo, wote watu wa kulala pale walipowekwa. Chai ilipoisha, kazi ya siku ilikuwa imeisha.

Saa mbili kamili, jengo lote la ghorofa tano likageuka kushoto, robo duara, pamoja na matangi ya maji juu ya paa na bango la "Huduma kwa Upendo". Saa nne likarudi katikati. Saa sita likageuka kulia.

Ilikuwa hivyo tangu Februari. Tiki ikishatiwa ni lazima kitu kigeuke, na kwa kuwa hakuna aliyemgeuza mgonjwa, liligeuka jengo. Fundi wa maji aliondoa mabomba akafunga mipira. Askari wa getini alichora chini kwa chokaa mahali mlango mkuu unapokuwa kila saa. Kati ya saa sita na saa nane mlango ulitazama ukuta wa jirani, kwa hivyo wageni waliingilia dirisha la chumba cha kufulia. Walipangusa viatu kwanza.

Mzee Gerishon Ndegwa alilala kitanda cha nane, karibu na dirisha. Alikuwa amechinja ng'ombe kwenye machinjio ya Dagoretti kwa miaka thelathini na sita, na kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mkono na mguu wa kulia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimkunja goti siku ya kwanza, akasema mguu una uhai, mzee huyu atatembea. Ila kwanza lazima aweze kukaa, na ili akae, kidonda kilichokuwa kimeanza pale chini ya mgongo lazima kifunge. Kikifika mfupani, basi. Hakuna kukaa, hakuna kusimama, hakuna kurudi Dagoretti kwa miguu yake. Wakati huo kilikuwa sawa na sarafu ya shilingi kumi.

Dawa ya kidonda kama hicho anaijua kila mwanafunzi wa uuguzi: mgonjwa asilalie upande mmoja zaidi ya saa mbili. Gerishon aliijua bila kusoma.

"Hata nyama nikiitundika, naigeuza," alimwambia Metroni. "Ikikaa side moja inaharibika. Na hiyo imekufa tayari."

"Mzee, si umegeuzwa?" Janice akasema, akamwinulia chati. "Ona hapa. Saa mbili, left."

Gerishon akatazama dirishani. Mapaa ya mtaa wa Ngara yalikuwa yamefika.

"Ni kweli," akasema. "Kuna kitu imegeuka."

Kitanda cha tisa alilala Vasant, mwenye duka la vitambaa kule Ngara. Alilitazama duka lake kuanzia saa mbili hadi saa nne, akihesabu wateja.

"Ndegwa, duka yangu imeenda?" aliuliza kila siku, maana macho yalikuwa yameanza kumsaliti.

"Imeenda. Sasa ni Dagoretti."

"Basi ni lunch."

Mkurugenzi, Bwana Norman, mtu wa tai nene na akili nyembamba, hakushangaa hata kidogo. Alichapisha vipeperushi: vyumba vyenye mandhari mpya kila baada ya saa mbili. Kwa miaka mitatu alikuwa amekataa kuajiri wauguzi, akaacha wawili kwa zamu mahali pa wanane, lakini mpiga picha wa vipeperushi alipatikana kwa siku moja. Watu wa aina hii, jikoni kukiwaka moto, huuliza kwanza kama moto wenyewe unafaa kuwekwa kwenye tovuti.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Mwezi wa Mei aliletwa Sista Rael, mwanamke mfupi wa mabega mapana, aliyekuwa na tabia ya kutia tiki baada ya kufanya jambo. Aliingiza shuka chini ya kiuno cha mzee, akamvuta, akamlaza ubavu, akaweka mto katikati ya magoti, akakagua ngozi, akamnyoosha vidole vya mkono uliokufa kimoja kimoja. Ndipo akaandika. Zamu zake chati alijaza mwenyewe, na jengo lilisimama tuli. Hakuweza kuwafikia wote. Aligeuza kumi na mmoja, na mbele ya majina kumi na moja yaliyobaki akaacha nafasi tupu, mtu yeyote azione.

Baada ya wiki tano kidonda kilikuwa kimerudi kuwa kama punje ya hindi. Rael akamkalisha Gerishon kwenye ukingo wa kitanda, nyayo zikagusa sakafu. Akakaa dakika nne. Alilia bila kuona haya, na Vasant, ambaye duka lake sasa halikuwa likienda popote, akamshangilia kwa kugonga kikombe.

Norman akamwita Rael ofisini.

"Sista, jengo imesimama. Kuna mama amepanda hapa kuona city, mpaka jioni anaangalia parking tu."

"Nimekuwa nikigeuza wagonjwa, sir."

"Na hizi nafasi tupu? Wakaguzi wa ubora wanakuja Ijumaa."

"Hao sikuwafikia. Nipee mtu mmoja tu wa kushika shuka upande ule mwingine. Mmoja."

"Hii jengo inafanya kazi ya nurses wanane," Norman akasema. "Na haiombi off."

Kuanzia Alhamisi chati zilirudi kwa Janice, na Rael alisimama getini na fimbo, akiwaonyesha wageni mlango uko upande gani.

Wakaguzi walikuja Ijumaa. Walisoma chati saa mbili nzima, wakasifu mandhari, hawakufunua hata shuka moja. Walitoa cheti cha ubora wa uuguzi, na Norman akakitia kwenye fremu, akakipigilia juu ya kitanda cha nane kwa sababu hapo palikuwa na mwanga. Tatizo ni kwamba kila lilipogeuka jengo, fremu ilienda upande, na Norman hakuvumilia kuona kitu kimepinda hospitalini kwake. Aliajiri mtu, Nthiwa, wa kuinyoosha kila baada ya saa mbili. Alipewa pimamaji, ile ya waashi, na chati.

Jumamosi ya mwisho ya Julai, Cate, binti wa Gerishon, alikuja kutoka Kileleshwa na uji wa wimbi kwenye chupa. Babake hakuutaka uji. Alisema neno moja tu: "Nigeuze." Cate akafunua shuka na kuona mfupa.

Saa sita ikafika. Jengo likageuka kulia, mapaa ya Dagoretti yakaja dirishani. Nthiwa akaingia, akavua viatu, akapanda kwenye ukingo wa kitanda.

Cate alikuwa ameshika shuka upande wa dirisha. Upande wa pili haukuwa na mtu.

"Kaka, shika huko, tafadhali," akasema. "Tumgeuze tu. Ni dakika moja."

"Hiyo si kazi yangu, madam," Nthiwa akajibu kwa heshima. "Mimi ni wa fremu."

Akaisogeza polepole mpaka kiputo cha pimamaji kikatulia katikati. Akashuka, akavaa viatu, akatoa chati yake mfukoni, na kwa kuwa kazi alikuwa ameifanya, akatia tiki kwenye saa sita. Kisha akaenda kunawa mikono.