Mkubwa na Mdogo wa Tangini

Mume wangu Ukasha aliweka tangi dogo la maji chumvi kwenye mgahawa wetu wa Segera ili abiria wa mabasi waingie kushangaa. Mzee Semboja, muuza samaki kutoka Tanga, alimwonya: "Humu wakali hawafai, na usijaze. Chukua hawa wawili wa rangi ya chungwa, mkubwa na mdogo. Wanakaa pamoja."

Kukaa gani! Mkubwa alimng'ata mdogo mapezi yakabaki nyuzi, akambamiza kwenye matumbawe, akamfukuza kila pembe. Ukasha akapiga meza kwa furaha. "Mnaona dume linavyomtia mkewe adabu?" Wateja wakacheka. Mimi nilikuwa nasukuma chapati, jicho moja limevimba kwa ngumi yake ya juzi, kisa chai ilipoa.

Jumamosi mzee Semboja akarudi. Nikamwamkia huku nasukuma chapati, nikamuuliza kama lile dume litamuua mkewe.

"Dume lipi, mama? Huyo mkubwa ndiye jike. Kwa samaki hawa jike ndiye mwenye nyumba. Dume ni haka kanakojificha."

Dereva mmoja akaangua kicheko, wengine wakadakia. Ukasha akanijia mimi, ngumi juu, kama kawaida yake.

Nilikuwa bado nimeshika mti wa kusukumia chapati. Nikamshushia nao kwenye kifundo cha mkono, nikasikia mfupa ukilia. Akarudi kinyumenyume mpaka akajibanza kati ya friji na ukuta.

Nikageuza chapati yangu kabla haijaungua.