Kamba Iliyokatwa kwa Shoka

Mke wa nahodha alikuwa fundi wa nyavu, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake. Lakini asubuhi ile, katika chumba cha baraza la uchunguzi, alikuwa amekuja kusikiliza tu. Kitu kisichoonekana kilikuwa kimeuvuta wavu wa mumewe, mashua yenye watu wanne ikaenda kinyumenyume ikajaa maji, na kaka yake huyu mke, aliyekuwamo, akavunjika mkono. Wavuvi walidai ni nyambizi, lakini jeshi la majini lilisema halikuwa na nyambizi eneo lile. Mumewe akionekana mzembe, leseni inakwenda, na jina lake pia.

Mwenyekiti aliinua kipande cha kamba. "Nahodha, uliandika kwamba kamba ya wavu ilikatika yenyewe. Mbona ncha iliyobaki kwenye mashua imekatwa sawasawa?"

Mke wa nahodha akaitazama ile ncha. Hakuhitaji kuambiwa, ile ilikuwa kazi ya shoka. Kwa wavuvi wale, nahodha anayekata wavu wake mwenyewe hutaniwa hadi uzeeni, na wavu huu mkewe aliusuka kwa miezi saba. Kumbe ndiyo maana mumewe alikuwa akimkwepa macho tangu ajali!

Nahodha akasimama. "Niliikata mimi. Nikadanganya kwa aibu. Namwonea aibu yule pale." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwenyekiti," alisema wakili wa jeshi, raha tupu usoni. Mwanamke alitamani ardhi immeze.

Ndipo kamanda mmoja mnene wa jeshi la majini, aliyeketi nyuma ya wakili tangu asubuhi, akainuka bila kuitwa.

"Wakili, kaa chini. Nyambizi ilikuwepo, na ni yangu. Tulisikia injini yao tukadhani iko mbali, wala hatukuinua darubini kuhakikisha. Wavu wao tumeukuta umenasa ubavuni. Asingeikata kamba, tungewazamisha wote wanne. Niliambiwa ninyamaze. Lakini kama huyu ameweza kusema kweli mbele ya mkewe, mimi nashindwaje mbele yenu?"

Chumba kikawa kelele tupu. Mwenyekiti aligonga meza mpaka akachoka, kisha akatamka: leseni ibaki kwa mwenyewe, na jeshi ndilo litakalojibu.

Kwenye ujia wa nje, nahodha alisimama kichwa chini. "Mama watoto, miezi yako saba..."

"Nyamaza, mwongo mkubwa wee!" Alikuwa akicheka na machozi yakimtiririka, hata hakuyafuta. "Wavu nitasuka mwingine. Mume ningemsuka kwa uzi gani?"