Kutoka Embakasi Hadi London

Cherono alishuka basi pale Subukia saa sita mchana, miguu imevimba kwa safari aliyoianza alfajiri. Jana yake jioni alikuwa Embakasi, akimsindikiza binti yao Chepkurui, aliyekuwa akienda London kusomea unesi.

Mumewe, Kemboi, hakwenda. Alisema ng'ombe mmoja anaumwa. Ng'ombe wote walikuwa wazima. Aliyeumwa ni Kemboi mwenyewe, moyoni. Tangu msichana aseme kwamba lazima aende, baba yake alikuwa hamsemeshi.

Cherono alipofungua mlango alimkuta ameinamia meza. Alikuwa ametandaza ramani ya dunia, aliyoiazima kwa Mwalimu Kahiga, na mkononi ameshika uzi. Alipomwona mkewe akaanza kuikunja haraka haraka.

"Iache, Baba Chepkurui," Cherono alisema, akavuta kiti. "Umepata nini?"

Kemboi alikohoa. "Nimepima na uzi. Maili elfu nne na zaidi kidogo. Lakini mimi ni mtu wa lori. Sijui ndege inakimbia namna gani."

"Nilimuuliza karani kule uwanjani. Maili mia tatu kwa saa. Na inatua Entebbe, Khartoum na Roma, kama saa moja moja."

"Iliondoka saa ngapi?"

"Saa mbili usiku."

Wakahesabu pamoja, yeye kwa penseli, mkewe kwa vidole. Saa kumi na nne za kuruka, tatu za kupumzika. Kemboi akatazama saa ya ukutani, sauti ikamtoka chini chini.

"Itatua saa saba. Mama, anafika sasa hivi!"

Wakakaa bega kwa bega wakiutazama mkono wa saa. Chai ikapoa.

"Alipokuwa akipanda ngazi," Kemboi aliuliza, "aligeuka?"

"Aligeuka. Akatazama watu wote mpaka nyuma kabisa. Mimi nilikuwa mbele, alikuwa ameshaniona." Cherono akamshika mkono. "Alikuwa anakutafuta wewe."

Kemboi alilia bila kujificha, na mkewe hakumnyamazisha. Saa saba ilipofika alisimama, akavua kofia, akaombea ndege ishuke vizuri.

Baada ya siku mbili simu ya maandishi ikaletwa kutoka posta. Ndege iliharibika Khartoum, ilisema, tukalala huko. Nimefika salama.

Cherono alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe tulipokuwa tunamshusha London, mwenzetu alikuwa jangwani anakunywa soda!"

Kemboi hakucheka. Alikuwa ameshavaa koti. Alikwenda mpaka Nakuru, akapanga foleni posta, mpaka karani akamuuliza anataka kuandika nini. Akasema polepole, ili asikosewe hata neno moja:

"Andika hivi. Baba hakuwa na ng'ombe mgonjwa. Baba aliogopa kukuona ukiondoka. Soma vizuri, mama yangu."