Fimbo Aliyoiacha Ishikwe

Leland Monture aliegesha pikapu yake nyuma ya jumba refu la ibada na mikutano, akabaki ameshika usukani hata baada ya injini kuzimika. Theluji ilikuwa imeyeyuka wiki ile na uwanja mzima ulikuwa tope. Wanaume walikuwa wameanza kuchomeka miti ya magoli, miwili huku, miwili kule, wakitukanana kwa furaha kama ilivyo kawaida yao. Upande wa jikoni wanawake walikuwa wamebandika supu ya mahindi meupe na maharage mekundu, na harufu ya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi ilifika mpaka kwenye magari.

Kando ya uwanja waliweka kiti cha mjomba Enos, kile cha mbao kutoka sebuleni kwake, kimetandikwa mablanketi mawili, la kijani na la miraba. Enos mwenyewe alikuwa ameshakaa, kofia ya sufu imeshushwa hadi masikioni, miguu inapwaya ndani ya viatu vya mpira kwa jinsi alivyokonda. Mchezo wa leo ulikuwa wake. Aliuomba mwenyewe, kama mgonjwa anavyouomba: wanaume waje wamchezee Muumba, naye apate nguvu. Mchezo wa namna hiyo hauna refa wala tiketi. Babu wa miaka sabini anakimbizana na mjukuu wake, na mpira wenyewe, wa ngozi ya kulungu, huishia mkononi mwa mgonjwa. Fimbo zinazoingia ni za mti tu. Zile za plastiki na chuma, ambazo dunia nzima inachezea lakrosi, mchezo huuhuu wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, siku hizi, zinabaki garini.

Leland alikuwa na ya mti. Ilikuwa kiti cha nyuma, imefungwa ndani ya shuka safi.

Enos ndiye aliyeitengeneza, Leland alipotimiza miaka kumi na sita. Alichagua mti mgumu wa mhikori ulionyooka, akaupasua, akaufukiza kwa mvuke mpaka ukakubali kupinda kichwa kama mtu anayesujudu, akautundika juu ya jiko la kuni ukauke majira mazima. Kisha akauchonga taratibu kwa kisu chenye mipini miwili, akausugua mafuta, akausuka wavu wa ngozi. Kwa watu wa Mto Grand, wenyeji wa asili wa nchi ile, mjomba si mtu wa kuja na zawadi sikukuu tu. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama ndiye anayemshika mkono. Mama yake Leland alikufa mapema, kwa hiyo Enos alimshika mikono yote miwili.

Leland akakua, akaenda chuo upande wa Marekani, akaingia kwenye lakrosi ya kulipwa, ile ya ndani ya kumbi, yenye kuta za mbao ambazo mtu hubamizwa kwazo hadi meno yakatikisika. Akauzwa klabu ya magharibi, akauzwa tena, mwishoni akarudi klabu ya jiji lililo karibu na kwao. Kila mahali akigusa mpira palikuwa na wapumbavu jukwaani waliojipigapiga mdomo kwa kiganja, wuu-wuu-wuu. Alivutwa nywele, akaitwa majina ya kila aina. Safari moja aliachwa kiwanja cha ndege kwa sababu hakukubali kusafiri na pasi ya nchi nyingine wakati taifa lake la wenyeji linatoa yake. Nyumbani walimsifu sana kwa hilo. Enos aliwaambia watu dukani, "Yule ni wangu."

Na mtu aliyesimama imara pale ndiye aliyeteleza mahali padogo kuliko pote.

Fimbo ya mti ya mwanamume haishikwi na mwanamke; ikishikwa, haiingii tena mchezoni. Hakuna anayemdharau mwenzake kwa hilo, na wanawake ndio wakali zaidi kulilinda. Verna, dada yake Leland, tangu utotoni alikuwa akifagia kwa kuizunguka, na ikianguka anapiga kelele, "We Leland! Njoo umwokote mtu wako, mimi simgusi!"

Mwezi wa kumi klabu ilitaka picha ya kutangaza msimu. Wakamwambia alete ile ya zamani, ya kweli, ya mababu. Akaileta. Alipofika akamkuta mwanamke mmoja mwimbaji, wa kusimama naye pichani. Mpiga picha akaichukua fimbo mkononi mwa Leland akampa yule dada aibebe begani. Neno lilikuwa moja tu la kusema, na yule dada mwenyewe angeirudisha kwa haraka na kuomba radhi, maana hakuwa mtu mbaya. Lakini goti la Leland lilikuwa limeharibika, mkataba ulikuwa ukizungumzwa, na yeye alikuwa amechoka kuwa mtu mwenye mambo mengi. Akatabasamu.

Picha ikawekwa kwenye bango kubwa kando ya barabara ya kwenda mjini.

"Staa huyo!" Elroy, mtoto wa Enos, alikuwa wa kwanza kumwona akishuka garini. "Jamani, fungeni magoli kwa kamba, mtaalamu amefika! Binamu, unajua leo hulipwi?"

"Najua."

"Na goti umekuja nalo au umeliacha kwa daktari?"

"Nimekuja nayo yote mawili. Moja la kukupigia wewe teke."

Wakacheka. Leland akaitoa fimbo kwenye shuka, akaiweka begani, akavuka tope kwenda kumwamkia mjomba wake, kama kila mchezaji alivyofanya. Alikuwa amejiambia njia nzima kwamba Enos hajui. Macho ya mzee hayakuwa yakiona mbali tena.

"Mjomba."

"Leland. Umekula?"

"Bado. Nitakula baadaye."

Enos akanyoosha mkono. Leland akampa fimbo. Mzee akapitisha kidole gumba kwenye mpindo wa kichwa, polepole, akakagua fundo moja baada ya jingine, kisha akailaza mapajani juu ya blanketi la miraba.

"Safari zangu za mashine ya figo," akasema, "Verna ananipitisha njia gani?"

Leland akakung'uta tope kiatuni.

"Nakuuliza wewe, unayetoka mjini."

"Barabara kubwa, mjomba."

"Barabara kubwa. Majira yote ya baridi nimekupita pale. Kwenda na kurudi. Wewe unacheka, na huyu," akaigonga fimbo kwa ukucha, "yuko begani kwa yule binti. Mara ya kwanza Verna alipunguza mwendo, akalia. Nikamwambia kaza mwendo, tutachelewa."

"Mjomba, mimi sikumpa. Yule mpiga picha ndiye—"

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi."

Wanaume waliokuwa karibu walisogea kando. Elroy alikuja akasimama, matope hadi magotini, asijue ajishughulishe na nini.

"Mimi hayo ya picha sikuyakasirikia sana," Enos akaendelea. Sauti yake haikupanda. "Mtu hukosea. Nilisema, Jumapili atakuja, atasema. Ukaja. Verna akaoka pai ya tufaha. Ukala vipande viwili, ukanisimulia habari za goti. Nikasema, haya, Jumapili nyingine. Ukaja, ukasimulia ya kocha. Leland, wakati ule mbao tatu za fimbo zilikuwa zimekaukia juu ya jiko langu. Zimeshapindwa. Mikono yangu ilikuwa bado inakamata kisu. Ungesema neno moja, ningekuchongea nyingine, leo ungeingia."

Akainua mikono yake kutoka mapajani amwonyeshe. Ilikuwa imevimba kwenye vifundo na ilitetemeka yenyewe, pasipo baridi. Leland alitazama pembeni.

"Mzee," Elroy akasema, "achukue yangu. Mimi nitapumzika kidogo, halafu nitaingia."

"Wewe una yako, yeye ana yake."

"Si tunakuchezea wewe? Huyu ndiye bora kuliko sisi sote! Anaweza kufunga yote peke yake na goti moja."

"Sikuomba magoli," Enos akasema. "Niliomba watu waje na mioyo iliyo safi. Yeye amevuka uwanja wangu na fimbo hii begani akitumaini mimi ni kipofu. Mgonjwa ni mimi, na mimi nasema hapana."

Elroy akamgusa Leland kiwiko, akarudi kwa wenzake.

Leland alibaki amesimama. Alitaka kusema kwamba mkataba wenyewe hawakumpa. Kwamba walimwacha katikati ya msimu kwa simu ya dakika chache, wakamchukua kijana wa miaka ishirini na mbili. Kwamba bango lile lilikuwa linamtangaza mtu ambaye si mchezaji wao tena. Alikuwa hajamwambia mtu. Aliona kuwa hata hilo, akilisema sasa, litakuwa limechelewa.

"Nifanye nini nayo?" akauliza, akiitazama fimbo.

"Wapelekee wale wa picha. Wameshaizoea."

Enos akamrudishia. Ndipo akageuza uso wake uwanjani, akainua kidole kwa Elroy, mchezo uanze.

Leland akaenda kusimama nyuma ya kamba iliyozunguka uwanja, mahali wanawake walipokuwa wakitazama na watoto wadogo. Verna alikuwa pale, mwiko mkononi, aproni imelowa mvuke. Alisogea kumpisha, si kwa ukarimu, bali ili nguo yake isiiguse fimbo.

"Amekwambia?" akauliza.

"Ungeweza kuniambia wewe kwamba anajua."

"Nikwambie mimi? Wewe ulikuwa na mdomo, kaka. Mimi nilikuwa na usukani."

Wanaume walikuwa wakipiga kelele, fimbo zinagongana kwa ule mlio mkavu wa mti kwa mti ambao hausikiki kwenye kumbi. Walikuwa wachezaji wa hivihivi, mafundi wa paa na madereva wa malori. Walipoteza mipira ambayo Leland angeikamata amefumba macho. Mzee Enos alikuwa akiinama mbele kitini kila walipokaribia goli, midomo ikitembea.

Kisha mtu akakosea kutupa. Mpira ukatoka uwanjani, ukapita chini ya kamba, ukasimama mbele ya kiatu cha Leland. Katika mchezo hakuna mchezaji anayeugusa mpira ule kwa mkono. Ni fimbo tu inayouokota. Fimbo ilikuwa mkononi mwake, kichwa kimeinamia chini tayari, na mkono wake ulianza wenyewe, kama ulivyoanza kila siku tangu utoto. Uwanja mzima ulikuwa umesimama ukimtazama. Enos pia.

Leland akauzuia mkono. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jikoni, na Elroy akaja mbio akihema, akainama, akauchota mpira miguuni pake bila kumtazama usoni.

"Endeleeni!" mzee akaita.