Sekunde Mbili za Kathure

...na umbariki pia ndugu yetu Gikunda, ee Bwana, uliyempa akili ya kuunda ile mashine, katekista Salesio alikuwa akiomba, na Gikunda, macho yamefumbwa, jasho likimteremka mgongoni ndani ya koti, akasikia watu wote uani wakiitikia amina, sauti ya kaka yake Mithika ikizishinda zote, maana sherehe ilikuwa yake, binti yake Kathure ndiye anayesafiri Jumanne kwenda ng'ambo kusoma na kukimbia, msichana wa kwanza kutoka upande huu wote wa Kianjai, na mashine ya kupima muda wa mbio iliyompa nafasi hiyo ni ya huyu baba yake mdogo, heri wangelijua, heri huyu Salesio angeligeukia mvua au ng'ombe, chochote, amwache... leo asubuhi tu, kule Embu, kabla ya kuanza safari, aliiwasha mashine kando ya redio, akaiwasha na printa pia, bila sababu, au kwa sababu ambayo hakutaka kujiambia, na milio ya saa ya redio ilipolia mashine ilikuwa nyuma, akarudia bila printa, ikawa sawa, akarudia na printa, ikabaki nyuma tena, akakaa kitandani na soksi moja mguuni. Alijua papo hapo. Ndani ya kompyuta kuna kidude kinachopiga mapigo elfu kila sekunde, na kiini cha mfumo, alichokiandika yeye mwenyewe herufi kwa herufi akijivuna, kazi yake ni kusikia kila pigo na kuongeza moja, lakini alikuwa amekiamuru kizibe masikio kila printa inapoandika, maandishi yasije yakavurugika, na pigo lisilosikiwa halihesabiwi, limekwenda... na humo humo ndani kulikuwa na hesabu nyingine inayojiendesha yenyewe, haimngoji mtu asikie, hiyo ndiyo angepaswa kuiuliza, huwafundisha wanafunzi wake chuoni waiulize hiyo, ila yeye aliona mapigo yanatosha, ni mbio tu, ni wasichana tu wanaozunguka uwanja.

Mlinde safarini, Bwana, mlinde na baridi ya huko...

Wiki iliyopita, kwenye mbio za kumchagua msichana wa kusafiri, kundi la kwanza lilikimbia printa ikiwa haina karatasi, basi saa yao ilikuwa ya kweli, na aliyeshinda kundi lile alikuwa Marigu, msichana mwembamba wa kutoka Siakago, halafu karatasi zikaletwa, kundi la pili likakimbia huku printa ikilia krii krii kila msichana anapomaliza mzunguko, na kila ilipolia wakati ulikuwa ukivuja, Kathure akamaliza wa kwanza, saa zikalinganishwa, Kathure amemshinda Marigu kwa sekunde mbili, nafasi ni moja. Wakati uliovuja ulizidi sekunde mbili, ameuhesabu njiani kote kutoka Embu. Na yule Marigu alikuja mezani, kipande cha chungwa mkononi, akasema kwa adabu, "Mwalimu, samahani, hiyo saa yako haiwezi kukosea?" na yeye, mbele ya maofisa wote, akamjibu, "Mashine haidanganyi, binti. Miguu ndiyo inadanganya," watu wakacheka, na Marigu naye akacheka, hapo ndipo panapomchoma, kwamba alicheka ili asimwaibishe... na watasema nini chuoni, watasema Gikunda hajui hata kuhesabu, na Mithika je, ameshachinja fahali, nani angejua, nani mwingine ana mashine hiyo, akirekebisha usiku huu hakuna atakayejua kamwe...

"Baba mdogo." Kathure alikuwa amesimama ubavuni pake, akinong'ona kwa Kimeru, kichwa chini. "Mbona huombi?"

"Omba, mwanangu."

"Baba mdogo, siku ile nilikuwa mzito. Miguu ilikataa kabisa mzunguko wa mwisho. Waliponisomea ile saa sikuamini." Akamsogelea zaidi. "Huko nikifika watataka nikimbie vile vile. Itakuwaje nikishindwa?"

Na Gikunda, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiionea haya mashine, jina lake, vicheko vya chuoni, akaona haya nyingine ikimpanda kutoka miguuni, nzito kuliko ile, kwa sababu mtoto huyu anajua, mwili wake unajua, wiki nzima ameubeba woga huu peke yake akipimwa magauni na kupigwa picha, na yeye anataka kumpakia kwenye ndege na saa ambayo si yake, msichana akaidai saa hiyo kutoka kwa miguu yake mwenyewe ugenini, kila asubuhi, akidhani mwenye kasoro ni yeye... wawili basi, si mmoja, amewaibia wawili, na huyu wa pili ni damu yake.

...na mvua, ee Bwana, utukumbuke kwa mvua, Salesio akaendelea, mchuzi ukipoa sufuriani, Mithika ameinua mikono juu, macho yamefumbwa kwa furaha, na watu wote wakasema amina ila Gikunda, ambaye alikuwa amefumbua macho, ameinama hadi kwenye sikio la msichana.

"Miguu yako haikudanganya, ni mashine," akasema. "Kathure, nisikilize."