Chupa ya Maji Safi

Jumatatu saa mbili asubuhi mpimaji alivaa koti lake jeupe, akapanga mezani chupa ishirini na nne zilizoletwa kutoka melini, akafungua ya kwanza, nayo ikamvunja jino. Alitema damu kwenye sinki, akasukutua, kisha akaandika daftarini: chupa namba moja, kina mita elfu mbili na mia mbili, jino la juu kushoto.

Maji yale yalitekwa juu ya volkeno iliyo chini ya bahari. Huko maji huzama kwenye nyufa za mwamba, hupata moto kuliko sufuria yoyote jikoni, huukwangua mwamba chuma, shaba na salfa, kisha hufoka juu yakiwa meusi kama moshi wa lori bovu. Kazi ya mpimaji ilikuwa kusema katika kila chupa mna nini na ni kiasi gani. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi hiyo na hakuwahi kukosea desimali.

Chupa ya pili ilimpata mbavuni. Ya tatu ilimpiga pajani, na hiyo ndiyo iliyomfumbua macho. Chooni, mbele ya kioo, alipandisha sketi akakuta namba 32 imevilia damu. Ilikuwa imejiandika kinyume kwenye ngozi, kiooni ikasomeka sawasawa. Ilikuwa chapa ya spana ya mnyapara wa winchi ya melini, ambaye hata mezani alikula nayo kiunoni.

Mdogo wake mpimaji alikuwa mtu wa winchi, mtambo wa kushushia chupa kilindini, kwenye meli hiyo. Miezi miwili nyuma ilikuja karatasi yenye mihuri mitatu: ameteleza, ameanguka baharini, amekufa maji. Mnyapara mwenyewe alikuja kuhani, akakaa kiti cha mbele, akajitia hamnazo.

Mpimaji akazifungua chupa zote, maana alitaka kujua. Kufikia saa saba kidole kimoja kilikuwa kimevunjika na nyusi imepasuka. Ya mwisho ilimpata kisogoni, akalala sakafuni dakika kumi, kisha akainuka kuendelea na kazi. Mashine ilionyesha chuma, manganizi, salfa, na mstari mmoja mrefu mahali pasipo na madini yoyote. Kando yake aliandika: mdogo wangu. Alilia kidogo, kwa hasira kuliko huzuni.

Mkuu wa maabara alikuja amevaa kofia ya pikipiki, kwani habari zilikuwa zimeshaenea. Akasoma karatasi taratibu, wala hakubisha. Mpimaji akamweleza kuwa ripoti hiyo ndiyo watakayoisoma wakaguzi, kwamba meli inang'oa nanga Alhamisi na mnyapara yuleyule, na kwamba winchi imepewa mabaharia wapya sita.

"Umepima maji safi?" mkuu akauliza.

Hiyo ni chupa ya ishirini na tano. Hujazwa palepale maabarani, maji yaliyochujwa ambayo hayajawahi kuiona bahari. Chochote kitakachokutwa humo huhesabiwa kuwa uchafu wa maabara, nacho hutolewa kwenye hesabu ya chupa zote. Mpimaji aliifungua mbele ya mkuu. Ikampiga shavuni hadi akayumba.

Mdogo wake alikuwa hivyo tangu utotoni. Akishagonga mlango wa mbele, huzunguka kugonga na wa nyuma, asije akakosa kusikika. Kemia hakuisoma. Walipoyapima maji yale, alikuwa amejaa humo kuliko chupa nyingine zote.

"Toka humo, mdogo wangu," mpimaji alisema kwa sauti ya chini. "Hapo unajifuta mwenyewe."

Maji yalitulia tuli. Mkuu akatafuta sehemu ya bega lake isiyo na jeraha, akaweka mkono.

"Pole sana, dada. Lakini kilichomo kwenye maji safi hakikutoka baharini. Kitoe."

"Unamjua ni nani."

"Namjua. Mtoe."

Akamtoa, mara ishirini na nne, kwa mkono wake mwenyewe, hadi desimali ya tatu. Mdogo wake akawa sifuri kila mahali. Ripoti ilisifiwa kwa usafi wake. Maabara ikanunua kofia mbili ngumu na boksi la plasta, na Alhamisi meli ikaondoka, mnyapara akiwa sitahani na spana yake.

Baada ya wiki tano zililetwa chupa nyingine. Mpimaji alivaa kofia, akafungua ya kwanza, ikamtegua bega la kulia. Uvimbe ulikuwa na 32 ileile. Mapigo ya mdogo wake alikuwa ameyajua yote na mahali pake, na hili halikuwamo.

Akainama hadi kwenye mdomo wa chupa.

"Sikujui," akasema, "lakini nisikilize vizuri. Kaa humuhumu. Chupa ya maji safi usiiguse."

Kisha akaifungua ya maji safi. Ikampiga bega lilelile.